Kimulimuli, kijiti cha mwanga au luminoli: kipi kifundishe kemia ya mwanga baridi?

Mtoto akimkamata kimulimuli kwa mara ya kwanza, akamfunika viganjani na kuchungulia kwenye upenyo wa vidole, swali lake huwa lilelile: mbona haunguzi? Kibatari kinaunguza, balbu ya zamani inaunguza, jua linaunguza. Mdudu huyu ana taa tumboni, na tumbo lenyewe ni la baridi.

Ni swali zuri mno kumalizwa kwa mstari mmoja ubaoni. Mwalimu anayetaka kulijibu kwa vitendo, au mwanafunzi anayetafuta mada ya maonyesho ya sayansi, ana njia tatu. Ya kwanza ni kimulimuli mwenyewe, ambaye kwingine huitwa kimetameta. Ya pili ni vile vijiti vya plastiki vya sherehe na vya wapiga mbizi: ukikikunja kimoja, kitu kinapasuka ndani na kijiti kinaanza kuwaka. Ya tatu ni luminoli, unga wa maabara ambao wapelelezi huutumia kutafuta damu iliyofutwa.

Wengi huvichukulia vitatu hivi kama kitu kimoja chenye rangi tofauti, na uchaguzi unaharibikia hapo. Luminoli ndiyo inayoonyeshwa mara nyingi kama "kimulimuli wa maabara". Mimi sikubaliani nayo kwa kazi hiyo. Ukiifuata kemia hatua kwa hatua, ndugu wa karibu wa kimulimuli ni kile kijiti cha plastiki. Luminoli ni jamaa wa mbali, ingawa ina somo lake ambalo wenzake hawaliwezi.

Tumboni mwa kimulimuli

Habari yake inaanzia kwa Mfaransa Raphaël Dubois, miaka ya 1880. Alichukua viungo vya mwanga vya wadudu, kisha baadaye vya chaza wa baharini aitwaye Pholas, akavisaga katika maji baridi. Mchanganyiko uliwaka kwa muda, ukazimika. Akasaga vingine katika maji ya moto: hivyo havikuwaka kabisa. Alipochanganya maji mawili hayo yaliyokwisha kuwa giza, mwanga ukarudi. Akahitimisha kwamba kuna vitu viwili: kimoja kinachotumika kikaisha, lakini kinastahimili joto, na kingine kisichoisha lakini kinachoharibiwa na joto. Cha kwanza akakiita lusiferini, cha pili lusiferesi. Leo tunajua kwamba lusiferesi ni kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mmenyuko.

Kwa kimulimuli palikuwa na kitu cha tatu. Mwaka 1947 William McElroy wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, alionyesha kwamba maji ya vimulimuli yaliyozimika huwaka upya ukiyatilia ATP, ile molekuli ambayo kila chembe hai huitumia kama pesa ndogo ya matumizi ya kila siku. Kilichokuwa kimeisha mle ndani hakikuwa lusiferini, ilikuwa ATP. Ili kupata wadudu wa kutosha, McElroy aliwalipa watoto wa mjini senti 25 kwa kila vimulimuli 100. Miaka kumi baadaye, yeye na Barbara Bitler walipata fuwele za lusiferini safi: miligramu 9 kutoka kwa vimulimuli wapatao 15,000. Ninaitaja hesabu hiyo kila mwanafunzi anapopendekeza tukawasage wachache darasani.

Sasa mmenyuko wenyewe. Una hatua mbili, na ya kwanza ndiyo inayofundishwa vibaya kuliko zote.

Katika hatua ya kwanza, lusiferini na ATP hukutana ndani ya kimeng'enya, magnesi ikiwapo. ATP hukatika: fosfeti mbili huondoka zikiwa zimeshikana, na kipande kilichobaki, AMP, hunata kwenye mkia wa lusiferini. Vitabu vingi huishia hapo kwa kusema "ATP hutoa nishati ya mwanga". Hebu tupige hesabu. Mwanga wa kijani-njano wa nanomita 560, ambao ndio wa kimulimuli wa Marekani aliyechunguzwa zaidi, Photinus pyralis, hubeba takriban kilojuli 214 kwa kila mole ya fotoni. Kuvunja mole moja ya ATP katika hali sanifu hutoa takriban kilojuli 30. Ni kama sehemu moja ya saba. ATP haiwezi kulipia mwanga huo hata ikitaka.

Basi inafanya nini? Inaandaa mlango. AMP iliyonata pale ni kama mpangaji anayehama bila ugomvi: ukimsukuma kidogo, anaondoka na chumba kinabaki wazi. Hilo ndilo linalohitajika katika hatua ya pili.

Hapo oksijeni ya hewa huingia na kujishika kwenye kaboni iliyo jirani na mkia ule. Kisha ncha yake ya pili hugeuka na kuishambulia kaboni yenye AMP. AMP inaondoka, na oksijeni inafunga pete ndogo sana, yenye kaboni mbili na oksijeni mbili. Wanakemia huiita dioksetanoni. Mtu aliyewahi kukunja fito ngumu kuwa pembe kali anajua shida ya pete hii: kila upande unavutwa kuliko unavyopenda, na kifungo kati ya oksijeni mbili ni dhaifu. Pete inapasuka. Kabonidayoksaidi inatoka, na ni molekuli tulivu mno, kwa hiyo nishati nyingi inaachwa nyuma. Nishati hiyo inabaki yote kwa wakati mmoja katika kipande kilichosalia, oksilusiferini, ambacho hutulia kwa kurusha fotoni.

Kwa hiyo mwanga unalipiwa na oksijeni na ile pete iliyopasuka. Moto wa kuni nao ni kaboni kukutana na oksijeni, lakini katika moto nishati husambaa ovyo, kila molekuli ikatikisika, na mtikisiko huo ndio joto. Katika kimulimuli nishati hukusanywa mahali pamoja, ndani ya molekuli moja, kabla haijapata nafasi ya kusambaa. Hilo ndilo jibu la yule mtoto.

Kijiti cha plastiki, ndugu asiyetarajiwa

Vunja kijiti, na unachosikia kikipasuka ni kichupa chembamba cha kioo kilichokuwa ndani. Kwa kawaida kichupa hicho hubeba haidrojeni peroksaidi. Nje yake, ndani ya plastiki, kuna esta ya asidi ya oksaliki pamoja na rangi. Edwin Chandross wa maabara za Bell, Marekani, ndiye aliyeona mwanga wa namna hii mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa kutumia oksalili kloraidi. Michael Rauhut na wenzake wa kampuni ya American Cyanamid wakautengeneza hadi ukawa bidhaa.

Tazama hatua zake, ukiwa bado unamkumbuka kimulimuli. Esta hiyo ina kaboni mbili zilizoshikana, na kila moja imebeba fenoli yenye klorini. Fenoli hizo zimewekwa kwa makusudi, kwa sababu ni wapangaji wanaohama bila ugomvi. Peroksaidi inashambulia kaboni ya kwanza na kuitoa fenoli yake, inageuka, inashambulia ya pili na kuitoa nayo. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba kinachobaki ni pete ya kaboni mbili na oksijeni mbili, iliyokazwa vilevile, dhaifu palepale. Inapasuka, na kabonidayoksaidi inatoka.

Yaani fenoli ya kiwandani inafanya kazi ya AMP, na pete ni ya ukoo mmoja. Kimulimuli alifika kwenye ubunifu huo mamilioni ya miaka kabla ya wanakemia wa kampuni.

Tofauti iko mwishoni. Pete ya kijiti ikipasuka inageuka yote kuwa kabonidayoksaidi, molekuli mbili, wala hakuna kipande kinachobaki cha kuwaka. Nishati inapokelewa na molekuli ya rangi iliyo karibu, kama mkimbiaji anavyopokea kijiti kwa mwenzake. Rangi ndiyo inayowaka. Ndiyo maana kiwanda kinaweza kutumia mchanganyiko uleule kutengeneza vijiti vya rangi zote: difenilanthrasini kwa buluu, ndugu yake mwenye vikundi vya feniletinili kwa kijani, rubrini kwa manjano ya machungwa. Kwa kimulimuli, kipande kilichotoka kwenye pete ndicho hichohicho kinachowaka, hakuna wa kupokea. Rangi yake hutegemea namna kimeng'enya kinavyokikumbatia kipande hicho. Lusiferini ni ileile kwa jamii zote za vimulimuli, lakini kimeng'enya kikibadilika kidogo, kijani huwa njano au machungwa. Katika Amerika Kusini kuna jamaa yao, Phrixothrix, mwenye taa nyekundu kichwani, kwa lusiferini hiyohiyo.

Darasani kijiti kina faida moja inayonifanya nikipendekeze kabla ya kingine chochote: hakihitaji maabara. Chukua vijiti vitatu vya rangi moja na kampuni moja. Vivunje kwa pamoja. Kimoja kitie kwenye maji ya barafu, kimoja kwenye maji ya kawaida, cha tatu kwenye maji ya moto yasiyochemka. Ndani ya dakika chache darasa zima litaona: cha moto kinang'aa kuliko vyote, cha barafu kimefifia. Viache hadi kesho yake, na mpangilio unageuka, kwa sababu cha moto kimemaliza akiba yake mapema. Somo zima la kasi ya mmenyuko limo humo, na mwanafunzi aliyeketi nyuma analiona.

Tahadhari ni chache lakini ni za kweli. Usikikate ufungue majimaji: kuna vioo vilivyovunjika, na kimiminika chenyewe huwasha macho na ngozi na kuyeyusha baadhi ya plastiki. Usikitie kwenye maikrowevu.

Luminoli na somo lake

Luminoli imejulikana tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1928 H. O. Albrecht alieleza mwanga wake wa buluu. Mwaka 1937 Mjerumani Walter Specht akapendekeza itumike kutafutia damu, kwa kuwa chuma kilichomo katika himoglobini huuchochea mmenyuko hata damu ikiwa imekauka zamani.

Hapa hakuna pete ya pembe nne. Katika maji yenye alkali, peroksaidi huioksidisha luminoli, gesi ya naitrojeni inatoka badala ya kabonidayoksaidi, na kinachobaki, aminofthaleti, kinawaka kwa takriban nanomita 425. Hakuna mpangaji wa kuhamishwa, hakuna kimeng'enya, hakuna ATP. Mtu akikuonyesha luminoli akakuambia "hivi ndivyo kimulimuli anavyofanya", anakuonyesha mwanga baridi wa kweli uliofikiwa kwa njia nyingine.

Inachofundisha vizuri kuliko wenzake ni kichocheo. Luminoli na peroksaidi vikiwa peke yake katika alkali huwaka kidogo sana. Tia chembe ya mrututu, na giza linafunguka mara moja. Tia tone la damu ya nyama kutoka kwa mchinjaji, vivyo hivyo. Jiki nayo huwasha luminoli, na wapelelezi wanalijua hilo kwa uchungu, maana sakafu iliyodekiwa kwa jiki inaweza kung'aa kama yenye damu. Mwanafunzi anayejaribu vitu vitano tofauti na kuandika kipi kiliwasha na kipi hakikuwasha amefanya uchunguzi halisi.

Vifaa si vingi. Peroksaidi ya asilimia 3 hupatikana duka la dawa, mrututu hupatikana, sodiamu kaboneti ipo katika maabara nyingi za shule. Luminoli yenyewe ndiyo ya kuagiza, lakini gramu 0.2 zinatosha lita nzima ya mchanganyiko. Miwani ya kukinga macho na glavu ni lazima. Ukitumia jiki, isikaribiane na asidi wala dawa ya kusafishia choo, kwa sababu hutoa gesi ya klorini.

Nani anang'aa kwa ufanisi zaidi

Hapa kuna takwimu ya kusahihishwa. Utasoma mahali pengi kwamba kimulimuli hugeuza nishati kuwa mwanga kwa karibu asilimia 100. Chanzo chake ni vipimo vya mwaka 1960, vilivyotoa 88: yaani katika kila molekuli 100 za lusiferini zilizotumika, 88 zilirusha fotoni. Mwaka 2008 watafiti wa Kijapani walipima upya kwa vifaa bora wakapata 41. Bado ni ajabu. Luminoli katika maji hutoa takriban moja kwa mia. Vijiti huangukia katikati, kutegemea rangi na mchanganyiko, na vinafidia kwa kubeba akiba kubwa inayowaka saa nyingi.

Hesabu hiyo isichanganywe na ile ya balbu ya waya, ambayo hupoteza zaidi ya asilimia 90 ya nishati yake kama joto. Hapo tunapima nishati ya umeme, hapa tunahesabu molekuli. Ukiziweka kwenye jedwali moja umewalinganisha samaki kwa kilo na ndizi kwa mikungu.

Joto nalo huwatenganisha. Kijiti, kadiri unavyokipasha ndivyo kinavyong'aa. Lusiferesi ya Photinus hufanya kazi vizuri karibu na nyuzi 25 za Selsiasi, na ukiipasha zaidi protini inapoteza umbo, mwanga unafifia. Maji ya moto ya Dubois yalikuwa yakisema hivyo hivyo.

Jambo ambalo kimulimuli peke yake analiweza

Kijiti kikianza hakizimiki. Luminoli vilevile. Kimulimuli anawasha na kuzima, kwa mpangilio ambao ni lugha: dume anamweka, jike wa jamii yake anajibu. Kemikali zote zimo ndani ya chembe za taa muda wote, kasoro moja inayodhibitiwa: oksijeni. Mitokondria, yaani vinu vidogo vya nishati vya chembe, zimepangwa pembezoni mwa chembe hizo, na hula oksijeni kabla haijafika ndani kwenye lusiferini. Ubongo ukituma amri, neva humwaga oktopamini, kemikali inayopeleka ujumbe, kisha gesi ya naitriki oksaidi inazalishwa na kuzisimamisha mitokondria kwa muda mfupi. Oksijeni inapita, taa inawaka. Mitokondria zikirudi kazini, giza. Maelezo ya naitriki oksaidi yalitolewa mwaka 2001 na watafiti wakiongozwa na Barry Trimmer wa Chuo Kikuu cha Tufts, na kwangu ni kati ya mambo mazuri kabisa katika biolojia yote: mdudu anayeongoza taa yake kwa kufungua na kufunga njia ya pumzi.

Wanaoishi pwani wataniuliza kuhusu maji yanayomeremeta usiku kasia likipiga. Huo ni mwanga wa viumbe wadogo wa baharini, na lusiferini yao ni nyingine kabisa, inayofanana na klorofili, wala haihitaji ATP. Neno lusiferini ni jina la kazi tu, kama neno "mafuta".

Nichague kipi basi?

Kama una darasa la watu sitini, bajeti ndogo na chumba kinachoweza kutiwa giza, chukua vijiti. Fundisha kasi ya mmenyuko, kisha chora pete mbili ubaoni, ya kijiti na ya kimulimuli, upande kwa upande, na uwaulize ni nani anayefanya kazi ya AMP. Sijaona njia fupi zaidi ya kumfikisha mwanafunzi wa sekondari kwenye kiini cha kemia ya kimulimuli.

Kama mada ni vichocheo au oksidisho, na maabara ipo na mwalimu wa kusimamia yupo, luminoli. Ni nzuri pia kwa maonyesho, kwa kuwa majaji wanaweza kuona jedwali la matokeo na si mwanga tu.

Kama mada ni vimeng'enya au ATP, mtazame kimulimuli mwenyewe. Msimu wa mvua, jioni, kwenye majani mabichi au kando ya mpunga. Funika tochi kwa plastiki nyekundu, maana mwanga mweupe huvuruga mawasiliano yao. Hesabuni sekunde kati ya mwako na mwako, na mwandike. Ukimtia mmoja kwenye chupa weka jani bichi, mwachie baada ya nusu saa, na watoto wanawe mikono: baadhi yao wana sumu dhidi ya mijusi na ndege. Usiwasage. Tangu jini ya lusiferesi iliponakiliwa mwaka 1985, bakteria hutengeneza kimeng'enya hicho kwenye matangi, na hakuna sababu ya kielimu ya kuua wadudu.

Wa chuo kikuu wana chaguo la nne: kununua lusiferesi na lusiferini zilizosafishwa. Hapo utaona mmenyuko halisi, ukiongeza ATP kidogo kidogo na mwanga ukipanda kwa kiasi hichohicho. Tatizo ni baridi. Kimeng'enya huhifadhiwa kwenye friza, lusiferini hukingwa dhidi ya mwanga, na umeme ukikatika wikendi nzima unaweza kupoteza vyote. Kabla ya kuagiza, uliza kama kuna kiwanda cha maziwa au cha nyama karibu kinachopima usafi kwa njia hii. Wengine hupangusa meza kwa kijiti chenye pamba, wakakitumbukiza kwenye lusiferesi na kusoma mwanga kwenye kifaa cha mkononi: mabaki ya chembe hai yana ATP, na ATP inawasha. Kutembelea nusu siku mahali kama hapo ni nafuu kuliko kununua friza.

Na ukienda kununua vijiti, chukua vya ziada viwili vya rangi ileile. Kuna ambavyo huwa vimekwisha kupasukia ndani ya boksi njiani.